Udongo wa Litembo ya Juu

Udongo wa Litembo ya Juu niliutengeneza mimi, na sioni haya kulisema. Wenzangu walisaidia, siwanyimi haki yao. Otmar, mume wangu, ndiye aliyelizuia paa la shamba lisipasuke, na wanawake wenzangu walifukia matuta hadi migongo ikakataa kunyooka. Lakini vumbi jekundu la Mirihi, lililowashinda watu wenye mashine kubwa kuliko nyumba zetu, lilikubali kuotesha maharage mikononi mwangu. Anayetaka kuniita mwenye majivuno aje kwanza ayaone maharage.

Mkaguzi alikuja, akayaona. Aliitwa Idarusi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, mzaliwa wa Pemba, aliyetumwa na Baraza la Makazi kutoka Dunia kuja kupima kama tunastahili hati. Alivaa glovu na ovaroli nyeupe iliyofungwa hadi kooni, kama sheria yao inavyotaka, na alilala ndani ya chombo chake na kula chakula alichokuja nacho. Siku ya kwanza tulimpikia maharage. Akayatazama kwa huruma, akasema haruhusiwi. Bibi Edeltruda, mkunga wetu, alisema tangu azaliwe hajaona mgeni anayekuja na ugali wake mfukoni.

Alipovuka mlango wa shamba alisimama. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemwagilia. Nikamwona anavuta pumzi na kuishikilia, hataki kuitoa.

"Hii ni harufu ya mvua," akasema.

"Ni harufu ya udongo, Bwana Mkaguzi. Mvua mnayo ninyi."

Akacheka, na kwa hilo nikampenda. Nikamtembeza. Nilimweleza kwamba kwetu Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, ambako mteremko ni mkali hata mbuzi hufikiri kabla ya kushuka, wazee wetu walilima kwa ngoro. Majani yanafyekwa, yanapangwa mraba mraba, yanafukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba panabaki shimo la kukamatia maji. Wanaume wanafyeka na kupanga, wanawake wanafukia. Hapa hatukuwa na majani, tukatumia mabua ya mimea tuliyokuwa tunaiotesha kwenye maji. Udongo ndio hatukuwa nao kabisa. Tulikuwa na vumbi lenye chumvi chungu inayoua mizizi. Tulilisuuza, tukalichanganya na bakteria waliokuja wamefungwa kwenye chupa, tukafukia, tukapanda. Kila msimu bakteria walikufa na mbegu zikaoza. Tuliendelea hivyo mpaka binti yangu Kresensia, mtoto wa kwanza kuzaliwa hapa, akaanza kutembea. Ndipo pembe moja ya shamba ikashika. Maharage yakatoa maua, na vumbi lililokuwa chini yake likawa jeusi. Udongo wa pembe ile tukauhamisha kidogo kidogo hadi shamba zima likabadilika.

Mkaguzi akauliza ni nini hasa kilichobadilika kwenye pembe ile. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ni ngoro, kwamba maarifa ya wazee wetu yalihitaji muda tu. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeshalieleza jambo hilo redioni, makazi yote ya Mirihi yakasikia, na majirani zetu wa Ukingo walikuwa wamechimba ngoro zao kwa maelekezo yangu.

Hati aliyokuja nayo Mkaguzi ilikuwa na uzito wake. Mkataba wetu uliandikwa kwa lugha ambayo neno moja linatosha kwa sayari, kwa shamba na kwa tope la kwenye viatu. Siku tuliposomewa kwa Kiswahili, kila mtu alisikia lake. Mimi nilisikia udongo. Otmar, ambaye baba yake alinyang'anywa shamba na ndugu zake mwenyewe, alisikia ardhi. Bibi Edeltruda alisikia nchi, akauliza kama itakuwa na bendera. Mkataba ulisema kwamba makazi yakitengeneza udongo hai yenyewe, bila kuongeza kitu chochote kilichotoka mwilini mwa binadamu, mahali hapo patakuwa pa wakazi na watoto wao. Wakishindwa wanabaki kambi, na kambi huvunjwa muda wake ukiisha.

Watoto wetu hawakungoja hati. Wao pale walipopakanyaga walipaita dunia. Tukawasahihisha, tukawaonyesha ile nukta ya buluu angani, tukawaambia Dunia ni ile. Wakaitikia kwa adabu, wakaendelea kukosea.

Kresensia alikuwa aende kuiona hiyo nukta. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari, na chombo cha Mkaguzi ndicho kingemchukua. Angekuwa mtu wa kwanza kuondoka Litembo ya Juu. Mama yangu kule Mbinga alikuwa ameshampakia chumba rangi, na kila sauti aliyonitumia aliuliza kama mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe au naye kazoea ya unga kama sisi.

*

Siku hiyo hiyo, Mkaguzi akiwa bado anakusanya sampuli zake, Zipora Cherotich aliniita redioni. Ndiye kiongozi wa Ukingo, mwanamke asiyepoteza maneno. Hakunisalimu.

"Osmunda, maharage yetu yamekuwa manjano."

Nikamwuliza kuhusu maji, kuhusu chumvi, kuhusu kina cha mabua. Yote walikuwa wamefanya kama nilivyosema. Nikamwambia wapande upya kwa mbegu za akiba. Akasema akiba haipo. Nilikuwa nimesahau maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesema pandeni zote msiogope, wakapanda zote, pamoja na zile za kula. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mmefanya nini ambacho hamjatuambia?"

Swali hilo liliniudhi, kwa maana hakuna nililoficha. Nikaingia kwenye chumba cha vipimo nikiwa nimekunja uso, nikachota udongo wangu, nikauweka kwenye mashine ya kusoma vinasaba. Mashine hiyo hutaja kila kiumbe kilichomo kwenye sampuli, hata kisichoonekana. Ina chujio lake. Mtu anayepima huacha ngozi yake, mate yake na pumzi yake kwenye kila anachogusa, kwa hiyo waundaji waliiagiza mashine itupe kila kinachofanana na vijidudu vya mwili wa binadamu, ikihesabu kuwa ni uchafu wa mpimaji. Miaka yote nimeitumia na chujio lake. Kila mtu hufanya hivyo. Siku hiyo, kwa hasira tu, nikaliondoa.

Majibu yakaja, nikakaa chini.

Bakteria wa chupa hawakuwamo. Walikuwa wamekufa zamani, kama walivyokufa kwa watu wa Ukingo. Waliokuwamo, waliojaa hadi mashine ikashindwa kuwapanga, walikuwa jamaa wa vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya binadamu. Jamaa tu, kwa maana walikuwa wamebadilika. Walikuwa wanaila ile chumvi chungu. Waliigeuza kuwa hewa na chakula, na mizizi ya maharage ilikuwa imejishikiza kwao. Viumbe hao hawapo Dunia wala hawakuwapo Mirihi. Walizaliwa hapa, shambani kwangu, na mzazi wao alikuwa mtu.

Baraza liliogopa jambo hilo tangu mwanzo, kwamba vijidudu vya miili yetu vikipigwa na mionzi ya huku vitageuka kitu kisichojulikana. Ndiyo sababu choo chetu, nywele zetu, kucha zetu, hata bendeji, vyote vilikwenda kwenye tanuri.

*

Bibi Edeltruda nilimkuta anapukuchua maharage. Nikamwambia kuna mtu aliyetia kitu shambani. Akasema watu wengi wametia vitu shambani, jasho kwa mfano. Nikamwambia kitu cha mwilini, na cha zamani, kwenye ile pembe iliyoshika kwanza. Mikono yake ikasimama.

"Vitovu," akasema. "Vya watoto wote niliowapokea. Cha Kresensia ndicho cha kwanza."

"Bibi, sheria ulikuwa unaijua."

"Naijua. Ilitaka nivitupe kwenye tanuri pamoja na kucha. Mwanangu, mtoto akiulizwa kwao ni wapi, aonyeshe jivu?"

Kwetu mtu akigombea mahali huambiwa, kitovu chako kimezikwa hapa? Akisema ndiyo, mabishano yamekwisha. Nilikuwa nimesikia swali hilo tangu utotoni, na siku nilipojifungua sikuliuliza hata mara moja, kwa sababu nilikuwa mtaalamu wa udongo na nilijua mambo ya maana zaidi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningemkataza. Na kama nisingemkataza ningebeba kosa lake, na mimi nilikuwa na ya kwangu ya kutosha kubeba. Akarudi kwenye maharage yake. Hakuwa na habari ya bakteria wala vinasaba, na nilipomweleza alichokifanya alitikisa kichwa kama anayesikia uvumi wa kijiji kingine.

Sitajitia utakatifu. Kilichoniuma kwanza hakikuwa sheria wala watu wa Ukingo. Kiliniuma kwamba si mimi. Sifa zote zile, mahojiano yote yale, ngoro nilizozichora mpaka watoto wa shule za Dunia wakazinakili, kumbe kilichoshika ni kitovu kilichofukiwa na mwanamke anayekoroma kanisani. Baadaye, nikiwa nimetulia, niliona kwamba ngoro nazo zilifanya kazi yao. Ziliwatunza wale viumbe, zikawapa unyevu na mabua ya kula. Lakini wakati ule nilikuwa na kidonda na nilikilamba peke yangu.

Kisha wazo la pili likaja, na hilo likanifutia majivuno yote. Nilimwita Kresensia, nikamwambia anipe mkono. Akaunyoosha bila kuuliza. Nikampangusa kiganja kwa pamba, nikaiweka ile pamba kwenye mashine, chujio likiwa limeondolewa.

Walikuwamo. Kwenye kiganja cha mwanangu, na baadaye kwenye changu pia, wale wale wa shambani. Tulikuwa tumewapa mwili, nao walikuwa wamerudi nyumbani.

Iko sheria inayoitwa Sheria ya Lango. Haina maneno mengi. Kiumbe chochote kilichobadilikia nje ya Dunia hakitaingia Dunia, wala hautaingia mwili unaokibeba. Sisi wakubwa tulitia saini tukijua huenda tusirudi. Watoto hawakutia saini.

*

Otmar alinisikiliza hadi mwisho, akafunga spana yake kwenye mkanda, akasema neno moja la wahenga: funika kombe mwanaharamu apite. Mkaguzi angetumia mashine yake na chujio lake. Hakuna ambaye angelazimika kudanganya. Hati ingetoka, Kresensia angeondoka, na watu wa Ukingo tungewapelekea udongo kimyakimya, mifuko michache chini ya viti vya gari, tukisema ni zawadi. Alikuwa amepanga kila kitu, kama anavyopanga pampu. Na nakiri, lilikuwa jambo linalowezekana kabisa.

Nikamwuliza, na wakinamama wa Ukingo tungewaambia nini kuhusu kitakachoingia kwenye ngozi za watoto wao? Na watu wa Dunia, wale wote, mama yangu akiwa mmoja wao, tungewaambia nini? Kresensia hajawahi kuugua. Labda viumbe hawa hawana madhara kwa mtu yeyote. Labda. Lakini mimi ni nani nibahatishe kwa niaba ya watu ambao hawajui kwamba wanabahatishiwa?

"Ni mtoto wetu, Osmunda," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Najua ni wetu."

"Atatuchukia."

Nikasema hilo nalo najua. Akakaa, akashika kichwa, na mimi nikaenda kumtafuta Kresensia kabla moyo haujanigeuka.

Alikuwa shambani, amechuchumaa kati ya mashimo, anaondoa majani yaliyooza. Nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia yote. Sikumpunguzia. Aliendelea kung'oa majani kwa muda, kisha akaacha.

"Mimi naumwa?"

"Huumwi."

"Na watu wa kule hawataumwa? Una uhakika?"

"Sina, mwanangu. Hakuna mwenye uhakika."

Akatazama mikono yake, upande huu na upande huu. "Umekuja kuniomba ruhusa au kunijulisha?"

"Kukujulisha. Kesho nitalisema mbele ya watu wote. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza."

Akainuka, akajipangusa magoti, akaondoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningejua nimesimama wapi.

*

Tulikusanyika kwenye ukumbi wa kulia. Watu walikuwa wamevaa nguo zao za Krismasi. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge vipya, na mtu alikuwa ametengeneza bendera kwa ajili ya Bibi Edeltruda, kitambaa cheusi chenye ua la haragwe katikati. Mkaguzi alisimama mbele na mashine yake mezani. Akasoma majibu kwa sauti. Udongo wa Litembo ya Juu ni udongo hai, unapumua na unaotesha. Hakuna alama ya mwili wa binadamu. Vigelegele vikapigwa hadi paa likaitikia. Akachukua kalamu.

Nikasimama. Nilimtafuta Kresensia kwa macho, sikumwona.

"Bwana Mkaguzi, ondoa chujio kwenye mashine yako, upime tena."

Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza, mbele yao wote, kwa maneno ambayo hata watoto waliyaelewa. Nilisema udongo huu umetokana na vitovu vya watoto wetu. Nilisema viumbe waliouhuisha wamo kwenye ngozi zetu sote tulioketi pale. Nilisema Ukingo walipanda kwa neno langu na wataona njaa kwa neno langu, kwa sababu niliwafundisha kuchimba na sikujua kwamba kuchimba peke yake hakutoshi. Nilitarajia aibu inishike wakati huo, kwa maana nilikuwa nimejiandaa nayo. Haikuja. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosimama wima.

"Siombi radhi," nikamaliza. "Mficha uchi hazai, nasi tumezaa. Kwenye sayari hii nzima kuna udongo mmoja tu unaoishi, na umetoka kwetu. Andika hivyo, kisha useme sheria inasemaje."

Mkaguzi akauliza nani alivizika. Bibi Edeltruda akajibu kutoka kwenye kiti chake kwamba ni yeye, na kwamba akizaliwa mtoto mwingine atazika tena, kwa hiyo kama wanataka kumfunga wasichelewe. Baadhi ya watu walicheka. Wengine walikuwa wanalia, hasa wenye watoto wakubwa, na baba mmoja aliyekaa nyuma alinitukana waziwazi, na sikumlaumu.

Mkaguzi akaondoa chujio, akapima. Alisoma kwa muda mrefu. Mwishowe akaiweka kalamu mfukoni.

"Siwezi kutia saini," akasema.

"Najua."

"Na sheria inaagiza udongo wa namna hii uchomwe. Amri haitolewi na mimi, itabidi itoke kwa Baraza, na itachukua muda. Lakini itakuja." Akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili chake cha Pemba, kile cha nyumbani. "Bibi we, mashine ilikwishakupitisha. Mbona hukunyamaza?"

Nikamwambia ningenyamaza ningekuwa na hati ya ardhi na jirani wa kuzika. Akauliza yuko wapi huyo binti aliyekuwa asafiri naye, kwa sababu ni lazima aambiwe na yeye mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Ndipo nikagundua kwamba Otmar naye hayumo ukumbini.

*

Tuliwakuta kwenye lango la magari. Gari kubwa la mizigo lilikuwa limefunguliwa nyuma, nalo limejaa masanduku, na masanduku yamejaa udongo mweusi uliofunikwa mabua mabichi. Otmar alikuwa anakaza kamba. Kresensia alikuwa juu, amechafuka hadi viwiko, anapokea sanduku la mwisho. Walikuwa wameanza kazi hiyo kabla sijafungua kinywa ukumbini. Wangeingoja hotuba yangu, gari lingekuwa bado tupu.

Mkaguzi akajitambulisha upya, kwa heshima, kama anavyojitambulisha mtu anayeleta habari za msiba. Akamweleza Sheria ya Lango. Kresensia akasema ameshaelezwa. Mkaguzi akamwuliza kama anaelewa kwamba huenda asiione Dunia maisha yake yote.

"Naelewa, Baba," akasema. "Jana nimelia, basi imetosha. Mnaililia sana ile ya kule. Mimi dunia yangu ni hii, na hawa wa Ukingo ndio walimwengu wenzangu. Maharage yao yanakufa."

"Nikikuzuia?"

"Utanizuia kwa haki, sheria ni yako. Ila Mama Zipora utamweleza wewe. Mimi nimemwambia kila kitu kilichomo kwenye udongo huu, na watoto wao wataambukizwa nini. Nimemwambia achague. Amesema waulete."

Sikujua kwamba amezungumza na Zipora. Mambo niliyokuwa nayapima tangu jana kama mtu anayepima sumu, yeye alikuwa ameyapeleka moja kwa moja kwa wenye njaa, akawaachia wenyewe waamue. Nilijua kutengeneza udongo. Sikujua kwamba nimetengeneza na mtu wa namna hii. Kifua kilinijaa hadi nikashindwa kusema, na wanaonifahamu wanajua hilo halitokei mara nyingi.

Mkaguzi alisimama kati ya gari na lango, na kwa kweli angeweza kubaki pale pale. Akavua glovu moja, akatazama mkono wake, akaivaa tena.

"Nitaandika kwamba udongo ulitoka," akasema. "Nitaandika kwamba nilikuwapo, niliuona, na sikuuzuia. Sitaandika pungufu ya hapo wala zaidi."

Akasogea kando. Otmar akafungua lango. Nilipanda gari kwa upande wa pili kabla halijaondoka, kwa sababu Kresensia alikuwa fundi wa mambo mengi lakini ngoro alikuwa hajawahi kuzifukia mwenyewe, na wanaume wa Ukingo, ninavyowajua, wangeumwaga udongo ule juu juu kama mbolea. Nikamwambia asogee. Akasogea. Otmar akaendesha, na tulipofika bondeni Kresensia akaniegemea begani, akalala.

*

Iliyonisumbua kuliko yote ni sauti ya kumtumia mama yangu. Nilianza mara kadhaa nikafuta. Nilikuwa Ukingo bado, tumemaliza kufukia, wanawake wa pale wanafua vitenge vyao na kucheka, na Kresensia anawafundisha watoto wao kutofautisha jani lenye njaa na jani lenye kiu. Mwishowe nikasema kama lilivyo. Mama, mjukuu wako haji. Si mwaka huu, na huenda si mwaka wowote. Nikamweleza kuhusu vitovu, kuhusu udongo, kuhusu lango. Nikamwambia hati hatukuipata na huenda wakaja kutuchomea shamba, ingawa sasa watapaswa kuchoma na la Ukingo, na keshokutwa na la wengine ambao wameshaomba. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya chumba.

Sauti inapita nafasi ndefu kutoka huku hadi Mbinga, na nyingine kurudi. Nilingoja pale pale penye redio. Kresensia akaja akakaa sakafuni, kichwa kwenye goti langu, na hakusema anangoja nini.

Jibu lilianza kwa kuku. Mama hurekodi uani, na kuku wake hawana adabu. Akakohoa.

"Nimelia, sikufichi," akasema. "Nimeingia kile chumba nikakaa kitandani nikalia. Nilitaka nimshike uso, basi, jambo dogo tu." Kuku wakapita. "Lakini sikiliza, Osmunda. Miaka yote hii nikitoka kanisani watu wananiuliza, huyo mjukuu wako wa huko juu, aliyezaliwa kwenye mavumbi yasiyo ya mtu, kwao ni wapi? Nami nilikuwa nasema ni hapa Mbinga, na moyoni najua nadanganya, maana hapa hajawahi kuweka hata unyayo. Sasa umeniambia kitovu chake kimezikwa, na kilipozikwa pameota maharage, na watu wanakula. Jumapili wakiniuliza nitanyoosha kidole juu. Nitawaambia mjukuu wangu ana kwao, na kwao ni kule."